Bei ya Nyumba ya Mama Mkunga

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili, kwenye kona, mkabala na kibanda cha kinyozi. Asubuhi hiyo fundi cherehani, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake, alifika macho mekundu kwa kukosa usingizi. Jana jioni alipokuwa akirudi kwake alimwona mwanamume mgeni akiipima nyumba ya jirani yake kwa tepu, anapima, anaandika, anapima tena. Jirani huyo ni Mama Mkunga, mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Nyumba yake na ya Sindano zimeshikana ukuta, ramani moja, mwashi mmoja, hata nyufa zinaanzia kwa huyu na kumalizikia kwa yule.

— Anauza, alisema Sindano. Mtu hapimiwi nyumba kwa raha tu.

— Bei gani? aliuliza Wembe, yule kinyozi, ambaye alikuwa amemwacha mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado.

— Hilo ndilo lililonikesha, kaka. Yake ikijulikana, yangu nayo imejulikana. Shemeji yenu nimeshamwambia asinunue ufagio mpya, huu uliopo utatufikisha mpaka siku ya kuhama.

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa havui koti hata jua likiwaka, alikohoa kidogo.

— Nyumba ni matofali. Unahesabu ya ukuta mmoja, unazidisha kwa kuta zote.

— Yamefunikwa na plasta, Mwalimu.

— Basi unakisia. Hata hesabu inahitaji imani.

— Matofali ni mambo ya zamani, alisema Wembe. Siku hizi wanaangalia jirani. Ukikaa ubavuni mwa mtu mzito, bei inapanda.

— Jirani yake ni mimi.

Wembe alimtazama Sindano kuanzia kandambili mpaka kofia.

— Basi hapo imeshuka kidogo.

Muuza kahawa alikuwa akimimina. Sasa akaweka birika chini.

— Mnajisumbua bure. Nyumba zinapimwa kwa kilo. Kuna mashine inaingia chini ya msingi, inanyanyua, inasoma, inashusha taratibu.

— Na watu waliomo ndani?

— Wanatolewa wanene tu.

Hakuna aliyecheka. Sindano alikuwa ameanza kufikiria cherehani yake ya chuma, na akaamua kimoyomoyo kwamba siku ya kupimwa ataiacha humo humo ndani.

Mwishowe wakakubaliana kwamba njia ni moja: mtu aende akajifanye mnunuzi. Wembe akajitolea. Wakamvika koti la Mwalimu, wakamfundisha kutembea kama mtu mwenye haraka, na Mwalimu akamsihi azungumzie puani. Akaondoka. Kijiwe kizima kikashika vikombe bila kunywa.

Alirudi ana vumbi mpaka kwenye kope.

— Umeipata? Sindano aliuliza.

— Nilibisha hodi, nikasema mimi ni mfanyabiashara, nimevutiwa na nyumba. Akaniambia, "Wewe mtoto, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, huna hata soksi. Leo unanijia na koti la Mwalimu?"

— Ukasemaje?

— Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akaniletea stuli, nikamshushia mapazia.

— Mapazia yote?

— Ya nyumba nzima. Madirisha yamebaki wazi kabisa.

Sindano alisimama.

— Basi anahama. Keshaipata bei, na ni bei kubwa, maana mtu wa bei ndogo hashushi mapazia kabla ya kulipwa.

Mwalimu akasema sasa inawezekana kukisia kwa vitambaa. Wembe akataja kiasi, muuza kahawa akakizidisha mara mbili, na Sindano, ambaye ndiye mwenye uchungu na jambo, akaongeza kingine juu yake kwa sababu ukuta wa kwake haupati mvua. Walipofika mahali ambapo Sindano alikuwa ameshanunua ghorofa na kuwapangisha wote waliokuwa pale, mwanamume mmoja akaja kuomba kahawa. Tepu ilikuwa inaning'inia mfukoni mwake.

Sindano akampisha aketi, akamlipia na kikombe.

— Pole na kazi, kaka. Ile nyumba uliyoipima jana...

— Madirisha, alisema mgeni, akipuliza kahawa. Nashona mapazia. Yule mama anataka mapya, ya zamani yamefifia.

Wembe alijikung'uta vumbi polepole. Mwalimu akavuta koti lake.

— Natoka mbali, mgeni akaendelea. Nauli tu ni shida. Nilimwambia atafute wa karibu, akasema pana fundi ukuta kwa ukuta naye, tena mshonaji mzuri. Kila akienda dukani kwake anakuta kufuli. Nyinyi ni wenyeji hapa. Huyu fundi huwa anashinda wapi?

Mwalimu aliangalia angani. Wembe akakumbuka kwamba ana mteja mwenye kichwa nusu, akavuka barabara. Muuza kahawa alitikisa birika, na ingawa ilisikika wazi kwamba kahawa bado imo, akasema imekwisha.

Sindano alipapasa mifuko yote, ya shati na ya suruali, akitafuta ufunguo.