Kinyozi Kahamia Kwenye Kiti cha Wateja

Benchi letu liko chini ya dirisha la kinyozi, pale barabara ya lami inapoachana na ya vumbi. Mimi ndiye mwenye birika. Nauza kahawa, na kwa bahati mbaya nasikiliza. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Wakili hakusoma sheria. Aliitwa kortini mara moja kutoa ushahidi wa ajali ya baiskeli, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Antena ni fundi redio, mrefu, na hakuna habari inayompita. Mama Mizani anauza vitunguu na sukari duka la pili, naye huja na kikombe chake mwenyewe kwa sababu anasema vyangu vinapunja. Ilikuwa wiki ya pili kinyozi hajafungua. Pazia limeshushwa, na sote vichwa vyetu ni vichaka. Basi asubuhi ile mada ilikuwa moja tu.

Antena: Nimemwona.

Mama Mizani: Nani?

Antena: Kinyozi. Yumo humu humu dukani. Pazia limeacha upenyo pembeni, nikachungulia. Kalala kwenye kiti cha kunyolea.

Wakili: Kalala, au?

Antena: Kalala, bwana. Kiti kakilaza nusu, kichwa juu, mfuko wa barafu machoni. Halafu akautoa, akavaa miwani nyeusi. Ndani, gizani, miwani nyeusi.

Wakili: Kesi imekwisha. Mtu ana kitanda nyumbani, ana mke nyumbani, yeye kahamia dukani na miwani nyeusi. Kapigwa.

Mama Mizani: Na nani?

Wakili: Na huyo aliyebaki na kitanda.

Mama Mizani: Shemeji yetu yule? Yule hata paka akimwibia samaki anamwomba radhi paka. Na kila siku namwona anaingia humu na chakula, kumbe anampelekea yeye. Mtu akupige halafu akubebee sahani mpaka kazini?

Antena: Ngojeni, sijamaliza. Chanuo lilimwanguka. Hakuinama. Kalitazama, kalisukuma kwa mguu mpaka chini ya kabati, akarudi kukaa.

Wakili: Mbavu. Kavunjwa mbavu pia.

Mama Mizani: Au kapata cheo. Wenye vyeo hawaokoti vitu.

"Cheo gani, na duka zima yuko peke yake?" niliuliza nikimmiminia. Akanionyesha kikombe chake. Hapa mwenye birika anatakiwa amimine tu.

Antena: Mimi nawaambia kitu, msije mkasema sikuwaambia. Kuna watu hubadilishwa sura. Wanaingia hospitali na sura hii, wanatoka na nyingine. Kinyozi anajificha.

Mama Mizani: Anamkimbia nani? Kawanyoa wanangu wote, tangu wa kwanza.

Antena: Ndiyo kujificha kwenyewe huko. Nani atamtafuta mtu nyuma ya kichwa cha mtoto?

Wakili: Hilo nalo lina uzito. Huenda hata jina lake si lake.

Mama Mizani: Jina lake nani?

Tulitazamana. Tunamwita Kinyozi. Kabla hatujalitatua hilo, mlango wa pembeni ulifunguka na mkewe akatoka na beseni la maji ya barafu iliyoyeyuka. Akayamwaga polepole kwenye mtaro, karibu kabisa na viatu vya Wakili.

"Mnasikika mpaka ndani," alisema. "Hajapigwa na mtu. Alikwenda kupunguzwa kope."

"Zilizidi?" Wakili aliuliza.

"Ngozi ya juu ya jicho, shemeji. Ilikuwa inaning'inia. Daktari kaikata kidogo, kaishona, na nyuzi zimeshatolewa. Kaambiwa alale kichwa kimeinuka, asiiname, asibebe kizito, asijisugue. Nyumbani nilimpangia mito ikawa inateleza. Kiti hiki ndicho kilichokubali."

"Alikuwa mgonjwa?" Mama Mizani aliuliza.

"Hapana. Alitaka tu."

Akarudi ndani na beseni lake, akatuachia mzigo mkubwa kuliko tuliokuwa nao.

Mama Mizani: Alitaka tu. Mtu mzima anakwenda kushonwa jicho kwa kutaka tu. Na wakishalishona, unalifungua vipi?

Antena: Hawashoni juu na chini, mama. Wanashona kwenye mkunjo.

Mama Mizani: Nauliza. Kuuliza si ujinga.

Wakili: Swali langu mimi ni ile ngozi. Imekwenda wapi? Ile ni mali yake.

Antena: Hiyo haitupwi. Inawekwa kwenye baridi. Akitokea mtu mwenye upungufu, anabandikwa. Sasa hivi tunavyoongea kuna mtu mahali fulani anapepesa macho kwa ngozi ya kinyozi wetu.

Wakili: Na mtu huyo akimkonyeza mke wa mwenzake, mshtakiwa ni nani?

Mama Mizani: Kope.

Walikuwa wamefika hapo alipotokea mgeni, fundi bomba, spana kubwa imechomoza mfukoni na nywele zimemfika masikioni. Akauliza kama kinyozi anafungua. Nikamwambia hata sisi tunachunguza hilo. Nikampa kahawa, akakaa mwisho wa benchi kwa adabu.

Mlango ukafunguka tena. Safari hii alikuwa Kinyozi mwenyewe, miwani nyeusi usoni, anatembea wima utadhani kabeba ndoo ya maji kichwani. Wakili alisogea kumpisha. Akakaa taratibu bila kuinamisha shingo.

"Mmemaliza?" alituuliza.

Hakuna aliyemaliza. Nilimpa kikombe mkononi ili asikiinamie.

"Nimewasikia," alisema. "Nitawaambia mwenyewe. Wateja kila siku walinitania, kinyozi usije ukasinzia na wembe. Nilicheka nao, na hilo halikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kioo. Kile kioo kinabeba sura mbili siku nzima, ya mteja, na yangu juu yake. Ya mteja inaondoka imependeza. Yangu inabaki pale pale na uchovu wake, inamsubiri mwingine. Nikataka na mimi siku moja niondoke pale nimependeza."

Nilitegemea Wakili acheke. Hakucheka. Mama Mizani alikuwa anazungusha kikombe chake tu. Na mimi nilimwonea huruma Kinyozi, sitaficha.

"Sasa naogopa," aliendelea. "Daktari kasema kila kitu kiko sawa, uvimbe ukipungua macho yatafunga vizuri. Lakini nikilala nahisi bado yanabaki na upenyo. Nayapaka dawa yasikauke. Nikienda kwenye kioo naona mtu ananishangaa, na mtu mwenyewe ni mimi. Kesho nataka kufungua duka. Ninyi mnanijua miaka yote hii. Nitazameni mniambie kweli. Nimejiharibu?"

Akavua miwani.

Chini ya macho damu ilikuwa imevilia, imeshaanza kuwa ya manjano. Kope zilikuwa zimevimba kidogo, na kwenye mkunjo palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu. Katikati ya hayo yote palikuwa na macho mawili yanatuangalia, yanangoja.

Antena: Yamepanda.

Wakili: Yamepanda wapi? Yameshuka.

Mama Mizani: Mimi naona yamekuwa makubwa.

Antena: La kulia ndilo limepanda. La kushoto liko kama zamani.

Wakili: La kushoto ndilo lililobadilika. Kulia kwako ni kushoto kwake, kaa upande wake.

Mama Mizani: Yalikuwa ya duara zaidi. Au yalikuwa marefu?

Kinyozi alikuwa anageuza kichwa kwa kila anayesema, na kila akigeuka uso wake ulizidi kunyong'onyea. Ndipo mgeni akaweka kikombe chini.

"Samahanini, mimi si wa hapa," alisema. "Kwani mwanzo yalikuwaje?"

Wakili akaanza kukagua vifungo vya koti lake. Antena akatazama juu kwenye nyaya za umeme. Mama Mizani alisema, "Yalikuwa ya kawaida," na Kinyozi akamuuliza, "Ya kawaida vipi, mama?" Akachungulia ndani ya kikombe chake. Na mimi nilijaribu. Nimekaa kwenye kiti kile mara nyingi, uso wake uko juu ya kichwa changu kwenye kioo kile kile. Nilichokumbuka ni paji langu la uso, na upara wangu unaoanzia kushoto.

"Mimi hukuniuliza," sauti ilitoka mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama na kitambaa mkononi.

"Wewe ungeniambia mazuri tu."

"Ningekuambia yalivyokuwa. Yalishuka pembeni, la kushoto zaidi. Ukikasirika la kulia linatangulia kuwa dogo. Na ukicheka yanapotea yote mawili, inabaki mistari. Mimi nilikupendea mistari hiyo. Sikukuzuia kwenda kwa sababu uso ni wako."

Kinyozi alimgeukia mwili mzima. "Na sasa?"

"Sijui. Tangu urudi hujacheka."

Wakili akakohoa kidogo, akaweka koti lake sawa.

"Hivyo ndivyo nilivyotaka kusema," alisema. "Hasa hilo la kushoto."

Kinyozi alijizuia. Mabega yakamtikisika kwanza, kahawa ikamwagika kidogo, kisha kicheko kikamtoka. Sote watano tukasogeza shingo mbele, na mkewe akasogea karibu, kumtazama machoni. Yalifunga, yote mawili, yakabaki mistari.

"Yamefunga," mkewe alisema. Kinyozi aliinua mkono kufuta machozi na mkewe akaudaka njiani, akamfutia yeye, polepole, kwa ncha ya kitambaa.

Birika langu lilikuwa tupu na hakuna aliyelalamika. Mgeni akasimama, akapitisha mkono kwenye nywele zake.

"Kwa hiyo, unanyoa?"

"Ingia," Kinyozi alimwambia. "Ila kuna chanuo chini ya kabati. Liokote wewe."