Jokha na Programu Iliyozishinda Kompyuta Kongwe

Jokha wangu anastaafu. Tarehe thelathini Septemba, 2004, baada ya miaka thelathini na tatu katika ofisi ile ile ya ghala, mtaa wa Malindi. Assalaam alaykum nyote. Furaha imenitangulia hata salamu. Wenzake wameniomba mimi mama yake, Bi Mwanakheir, niandike wasifu wake, na wamefanya la maana, kwani nani anamjua kuliko mimi?

Aliingia mwaka 1971, mpiga taipu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi hata wakubwa wa ofisi nyengine wakimletea barua zao, wakisingizia mashine zao mbovu. Kompyuta ya mwanzo ilipofika, 1989, wenzake waliiogopa; yeye alivuta kiti akakaa. Makarani wote mnaowaona hapo kawafundisha yeye, na aliyekataa kufundishika naye alifundishika.

Sasa hili la mwaka huu nnalieleza kama nilivyoelezwa, sidai kulifahamu. Jokha alitaka kuiachia ofisi programu mpya ya kuandikia barua, yenye herufi za mapambo. Alimsemesha mkurugenzi mpaka ikaletwa, ikatiwa kwenye kompyuta zote, mpya moja na kongwe tatu. Ile mpya ikaenda mbio. Zile kongwe, unaziwasha, unakunywa chai unamaliza, nazo bado zinafikiri. Zikarejeshewa programu yao ya zamani, basi ikawa barua iliyoandikwa kwenye kompyuta mpya, ukiifungua kwenye kongwe, unaona vijisanduku vitupu. Nikamuuliza, Kiswahili si kile kile, kwa nini kisisomeke? Akaanza kunieleza, katikati akainuka kwenda kutia chai. Nadhani na yeye alikuwa kashapotea.

Ofisini Abdulla, karani mwenzake, mtu wa maskhara, akasema, "Bi Jokha katuachia zawadi, hata kuifungua hatuwezi." Watu wakacheka, na yeye akacheka, lakini nyumbani sahani aliirudisha jikoni kama nilivyompakulia. Miaka yote ile ya kazi, kisha akumbukwe kwa kuivuruga ofisi mwezi wa mwisho.

Muhiddin, fundi wa kompyuta, akamwambia njia ipo: ile mpya inaweza kuzihifadhi barua kwa mtindo wa zamani, zifunguke kote, ila mapambo aliyoyapigania yatapotea.

"Haya, Muhiddin, weka kizamani," akasema. "Mimi nnataka barua isomwe."

Tangu siku ile barua zinafunguka kwenye kompyuta zote. Mimi mpaka leo sielewi vipi kipya kirudi nyuma kukingojea kikongwe, lakini mwanangu anaondoka na barua zinasomeka, na hilo nnalielewa vizuri sana.

Ahsanteni kwa kumtunza. Mwanangu, Mungu akupe siha, na usingizi wa asubuhi ulioukosa tangu usichana. Nyote, na Abdulla na maskhara yake, nakungojeeni nyumbani Jang'ombe, baada ya sala ya Adhuhuri, Jumapili, tarehe tatu Oktoba.