Kopo la Koenzaimu la Fundi Soli

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya saluni ya Wembe, na asikudanganye mtu, hakuna chuo kinachotuzidi. Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini hapa naitwa Profesa, na methali zote za benchi hili hutoka kinywani mwangu. Tuna utaratibu: dawa mpya ikiingia mtaani, mmoja wetu anaijaribu, wengine tunamtazama. Mwezi uliopita zamu ilimwangukia Soli, fundi viatu, mgonjwa wa presha wa miaka mingi. Tukamtafutia kopo la koenzaimu, vidonge ambavyo watu wanasema vinaupa moyo nguvu. Na ili tujue kwa hakika kinachofanya kazi ni kipi, tukapiga kura, mikono juu: vidonge vya hospitali aviweke kando. Leo siku ya nne haonekani. Sanduku lake la nyundo na gundi lipo chini ya benchi. Basi kahawa ikamiminwa, midomo ikafunguka.

— Kapona huyo, alianza Wembe. Mtu mwenye afya hakai kijiweni.

— Kwa hiyo sisi wagonjwa? akauliza Betri, fundi redio.

— Wewe unaumwa domo.

— Haya, sikilizeni sayansi, akasema Betri. Moyo ni betri, uzee unamaliza chaji. Koenzaimu ndiyo chaja. Soli sasa hivi amejaa mpaka anamwagika!

— Mbona siku ya mwisho alilalamikia kichwa? akauliza Wembe.

— Chaji hiyo ilikuwa inapanda, bwana! nikamjibu. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Na nyundo ilimponyoka mara mbili, Wembe akakumbuka.

— Nguvu zimezidi, akasema Betri. Mkono haujazizoea.

Nikaona wananipita kwa uongo, na mimi sipitwi.

— Mzee mmoja mtaa wa pili, nikasema, alimeza kopo moja tu, mvi zote zikarudi nyeusi.

— Mvi tu? akadakia Wembe. Mjomba wangu aliota meno upya, akaanza kung'ata wajukuu!

— Basi Soli kaoa mke wa pili! Betri akajipiga paja. Yuko fungate, sisi tunamlilia hapa!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Lakini sifa zote ni za Profesa, akasema Wembe. Siku ile Soli alikuwa anasitasita.

— Nilimwambia neno moja tu, nikajibu, kifua mbele. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Dawa mbili, mwili mmoja, wapi na wapi? Hapo ndipo naye akanyoosha mkono.

Mke wa Soli tulimwona alipokwisha kufika. Mkononi ameshika lile kopo.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shemeji! Betri akadakia. Bwana harusi yuko wapi?

— Wodini. Upande wa kulia umekufa. Mdomo umepinda, hawezi kusema.

Akaliinua kopo tulione.

— Vidonge vyake vya presha nimevikuta chini ya godoro, pakiti haijafunguliwa. Daktari anataka kujua aliviacha lini. Mimi nataka kujua nani alimwambia aviache.

Wembe akakagua kitana chake, jino baada ya jino. Betri akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Hakuna aliyenitazama.

— Basi nipeni tarehe tu, shemeji zangu. Tarehe tu, nimpelekee daktari.

Alisubiri. Kisha akainama, akavuta sanduku la mumewe kutoka chini ya miguu yetu. Tulijua ni zito, ila hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Kopo akaliweka pale anapokaaga Soli, akajitwika sanduku, akaenda zake.

Mimi, mwenye methali zote, nikainua kikombe nikanywa. Hakikuwa na kitu.