Miaka Thelathini na Moja ya Kope Zisizochuja: Mama Praima Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha vipodozi cha kituo chetu cha televisheni, mpambaji wetu mkongwe, Mama Praima, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi, mkuu wa chumba hicho, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu wake. Laiti wangemwomba mwingine.

Jina hilo alilipata kwa praima, ile krimu inayotangulia ili rangi ya kope ishike. Lakini kumpaka kila mtu? Thubutu! Kwanza alibonyeza tishu kwenye kope: ikitoka na mafuta, praima, ikitoka kavu, rangi peke yake inatosha. Kipimo chake kilikuwa punje moja ya mchele kwa macho yote mawili, igongwegongwe kwa kidole cha pete, kisha usubiri dakika nzima. Dakika hiyo aliitumia kuwatania wasomaji wa habari, na mmoja aliwahi kucheka mpaka machozi yakamlazimu kupakwa upya.

Nilipoajiriwa, nikiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, niliona hayo yote ni mbwembwe. Siku moja alipotoka kidogo, nilimpaka msomaji mgeni wa taarifa ya jioni praima tele, na rangi juu yake papo hapo. Habari hazijafika nusu, buluu yote ilikuwa imejikusanya kwenye mikunjo ya kope, na kila akipepesa inazidi. Dada wa watu alitoka studio akilia.

Mkurugenzi alishuka akiwaka, akauliza nani kafanya uchafu ule. Niliinama nikajifanya nasafisha brashi. Mama Praima akasema ni yeye, maana alijua mimi ningefukuzwa siku hiyohiyo. Akapewa barua ya onyo. Miaka miwili baadaye nafasi ya ukuu ilipokuwa wazi, barua hiyo ikamwangusha, nikapewa mimi. Kwa miaka kumi na miwili ameniita bosi, bila kejeli hata kidogo. Nami nikaitika. Jamani, aibu gani hii!

Amefundisha wapambaji kumi na wanane, na hakuna hata mmoja asiyesubiri ile dakika.

Mama, asante. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua liwe utosini, na afya ikufuate kila uendako. Na kwa uongozi: naomba barua ile itolewe kwenye faili lake, iwekwe kwenye langu. Macho yale niliyapaka mimi.