Mzee Mteremko na Gari Lake la Viti Viwili

Waombolezaji wenzangu, mimi ni kaka wa mjane, yaani shemeji wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake si kwa uzuri wa sauti yangu, ambayo mnaisikia ilivyo, bali kwa sababu katika ukoo huu hakuna aliyelisukuma gari lake mara nyingi kunizidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mama mwenye duka na baba karani wa stesheni ya reli, akakulia katika vyumba viwili nyuma ya duka, ambako tangu utotoni alipewa kazi ya kuangalia mizani isidanganye. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, akajiunga na chuo cha ufundi, na tarehe 3 Januari 1973 akaajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2011. Alizunguka madukani, masokoni na viwandani na sanduku lake la mawe ya mizani, wenye maduka wakimheshimu na kumkimbia kwa pamoja, maana hakuwa na mzaha hata na gramu moja.

Ndiyo maana mpaka leo hatujaelewa ilikuwaje mtu asiyeamini mizani yoyote mpaka aipime mwenyewe akaliamini gari lile. Alilinunua Agosti 1979 kwa daktari wa meno aliyekuwa anahama, gari la michezo la viti viwili, la kijani, fupi kiasi kwamba ukiketi ndani unaongea na watu magotini, na siku ya kwanza lilifika nyumbani likivutwa kwa kamba. Kaka yake mkubwa alimkumbusha kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni, yeye akajibu kwamba hili halina mbio, kwa hiyo ukingoni halitafika. Wakati wa joto rejeta ilichemka, mvua ikinyesha plagi zililowa likagoma, na asubuhi za baridi betri ililala fofofo. Akazoea kuliegesha kwenye mteremko tu, pua ikitazama chini, apate kuliachia liserereke mpaka liwake, na watu wakamwita Mteremko, jina lililomganda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Tarehe 12 Septemba 1981 alimwoa dada yangu, mwalimu wa chekechea, na hapa mniruhusu nikawie kidogo. Wakitoka kufunga ndoa kwenda ukumbini, gari lilizimika kwenye mzunguko wa barabara, mahali tambarare kabisa, honi zikilia nyuma, nami nikashuka kwenye gari lililofuata kwenda kumsaidia bwana harusi. Dada alikuwa hajashika usukani maishani mwake. Marehemu alimsogeza kwenye kiti cha dereva, akamwonyesha klachi, akaweka gia ya pili, akamwambia, "Wewe shika usukani, mimi nasukuma. Nikisema sasa, achia mguu." Dada akaachia, gari likaruka, likawaka, likaondoka na bibi harusi peke yake, akazunguka na kuzunguka sisi tukimfukuza na viatu vipya, kwa sababu breki hakuwa ameonyeshwa. Picha iliyoko sebuleni inaonyesha alama ya kiganja cheusi cha bwana harusi kwenye shela, na dada hajakubali shela hiyo ifuliwe.

Walijaliwa binti mwaka 1983 na mvulana mwaka 1987. Uchungu wa binti ulipoanza, dada alikataa katakata kupanda mke mwenza, ndivyo alivyoliita gari lile, akachukua teksi, marehemu akafuata nyuma, akaharibikiwa njiani, akafikishwa hospitali na lori la mikate, akamkuta mtoto ameshalia na kunyamaza. Mwaka 1988 walipotafuta kiwanja, waliona kimoja kizuri, tambarare, karibu na shule, marehemu akakiacha na kuchukua hiki cha mlimani mlichokalia sasa, na sote tulijua sababu. Dada alisema ukipenda boga penda na ua lake, ingawa aliyasema hayo akipanda kilima na vikapu viwili.

Barabara kuu yote marehemu aliijua kwa mahali alipozimikia, kwa fundi wa pancha karibu na daraja, kwa mama wa chai pale njia panda, kwa dereva wa trekta aliyemvuta kwenye matope, na kila aliyemsaidia, marehemu alirudi kumjulia hali, mara nyingine akiharibikiwa tena papo hapo. Tangu jana wameingia humu watu tusiowajua, tukiwauliza walijuana vipi na marehemu wanajibu kwamba walimsukuma. Karibuni, ninyi ni ndugu.

Juni 2021 moyo wake ulianza kumsumbua, daktari akamkataza kubeba vizito na kusukuma chochote, vizito akaviacha, gari hakuliacha, mpaka Februari 2023 alipoanguka nyuma yake, mkono ungali kwenye buti. Watoto walishauri liuzwe, mnunuzi akaja, na aliyemrudisha getini alikuwa dada yangu, akisema siku gari lile likiondoka mgonjwa wake hatakuwa na sababu ya kuamka. Tangu hapo kila asubuhi dada aliliachia mteremkoni mwenyewe, likiwaka analirudisha juu na kulipitisha chini ya dirisha la mgonjwa ili alisikie.

Marehemu alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024. Jioni iliyotangulia alimshika dada mkono, akamwambia, "Safari hii siwezi kusukuma. Wewe usiuache usukani." Akamwomba atangulie mbele ya jeneza na gari lile mpaka makaburini, na dada akaahidi.

Ahadi hiyo imetunyima usingizi. Watoto wanaogopa mama yao asije akaaibika njiani, wamekodi gari jipya, liko pale nje, dada amelitazama mara moja akageuka. Kutoka hapa kwenda chini hatuna wasiwasi, ila kuanzia mzunguko wa barabara ni tambarare mpaka mwisho, na mzunguko ni ule ule wa harusi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliovumilia moshi wa kila asubuhi, wenzake wa idara ya vipimo, na mafundi wote waliosema safari hii limepona. Tangazo la mwisho ni hili, wenye viatu vya kukimbilia watembee karibu na gari la mbele, na likizimika pale kwenye mzunguko mtu asipige honi, dada atatoa mkono dirishani nasi tutajua la kufanya.

Pumzika kwa amani, shemeji, leo kaa utulie, usukani anao mkeo, na kusukuma tutasukuma sisi.