Telesphor Kimaryo Anastaafu Mbuni kwa Mara ya Tatu

Baada ya miaka kumi na saba ya kuitumikia klabu ya mpira wa Kiaustralia ya Mbuni wa Thornton Heath, Bwana Telesphor Kimaryo anastaafu leo, Jumamosi tarehe 13 Juni, katika ukumbi huu wa kanisa ambamo mmeketi mkisubiri pilau. Tunasema anastaafu kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye keki. Ukweli ni kwamba Jumamosi ijayo anaanza kuichezea Nyigu wa Ilford, na mechi yake ya kwanza ni dhidi yetu sisi. Keki ilikuwa imeshaagizwa.

Kamati imeniomba mimi, Blandina Mbwambo, mwenyekiti wa mashabiki, niandike wasifu huu. Katibu wetu, dada Wambui, alisema niandike kitu kifupi chenye utani kidogo. Wambui katokea Nyeri, hana kosa. Hakujua kwamba Telesphor ni Mchaga na mimi ni Mpare, na ukimkabidhi Mpare kalamu amwandike Mchaga, hilo neno "kidogo" ulisahau. Sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, kukuiga unavyotembea, hata kukuvua kofia kichwani akaondoka nayo, nawe huruhusiwi kununa. Kwa hiyo, Telesphor, kaa vizuri kwenye hicho kiti walichokufungia maputo, na uvute pumzi.

Mstaafu wetu alizaliwa Rombo, Kilimanjaro, kwa watu ambao ikifika Desemba lazima warudi nyumbani wakaonekane. Alipofika London alianza kazi ya kuhudumia wazee katika makao mamoja huku kusini. Mwenzake wa zamu alikuwa Jeff, Mwaustralia mwenye sauti ya kuuzia samaki, ambaye timu yake, Mbuni hii hii, ilikuwa haifikishi idadi ya wachezaji. Jeff alimwona Telesphor akimwinua babu mmoja mzito kutoka kitandani bila babu kukatisha hadithi yake, akaamua kwamba huyu ndiye. Jumamosi iliyofuata Telesphor alikuwa uwanjani ndani ya jezi isiyo na mikono, mvua inamnyeshea, akiuliza kwa nini mpira una umbo la papai.

Kwa wageni wetu ambao wamefuata pilau tu, nieleze mchezo wenyewe. Kuna nguzo nne zisizo na mwamba juu. Ukiupiga mpira ukapita kati ya zile mbili ndefu, unapata pointi sita. Ukikosa, ukapita pembeni kidogo, unapewa pointi moja. Yaani umekosa, watu wote wameona umekosa, na bado unaandikiwa. Telesphor alipoelezwa sheria hii alitulia kabisa, akajua amefika kwao. Tangu siku hiyo ameifungia Mbuni pointi moja moja nyingi kuliko mchezaji yeyote tuliyewahi kuwa naye, na hakuna dalili kwamba kuna mtu atamfikia.

Katika mchezo huu pia mchezaji anaruhusiwa kumparamia mwenzake mgongoni ili adake mpira hewani. Vijana wakifanya hivyo hupendeza sana. Telesphor alifanya hivyo mara moja, mwaka wake wa nne. Alimparamia beki wa watu vizuri tu, akanyoosha mikono, mpira ukampita, naye akabaki hukohuko juu akiwa ameshikilia shingo. Yule beki, maskini, alikimbia naye hadi karibu na mstari kama mama aliyebeba mtoto mgongoni anayekimbilia kliniki. Refa alisahau kupuliza filimbi. Picha ya tukio hilo ndiyo iliyo kwenye jalada la programu hii, na nimeichagua mwenyewe.

Haki lazima isemwe hata kama mwandishi ni Mpare. Mwaka tulipochukua kombe, dakika ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne na Telesphor alikuwa na mpira mbele ya nguzo, peke yake, hana anayemsumbua. Uwanja mzima ulijua atakosa. Na yeye alijua. Angekuwa Mchaga mwingine kati ya ninaowafahamu mimi, angepiga tu ili picha imtoke vizuri. Telesphor aliupiga mpira ngumi, maana ndivyo pasi ya mkono inavyotolewa katika mchezo huu, ukaenda kwa Linus kinyozi, Linus akafunga, tukalia wote. Kombe lile liko kabatini kwa Linus hadi leo, na kila mwaka watoto wa Linus wanaambiwa baba yao alishinda fainali peke yake.

Kuhusu kustaafu, mzee ana uzoefu. Mara ya kwanza aliagwa miaka mitano iliyopita kwa sababu ya goti. Tukampa saa ya ukutani, tukamwimbia, tukamlisha keki hadi masharubu yakawa meupe. Baada ya wiki tatu alikuwa mazoezini, anasema amepita tu kusalimia, na begi la viatu limening'inia begani. Mara ya pili, misimu miwili baadaye, tulimpa kiti cha kukunja ili akae pembeni aangalie mpira kama watu wazima wengine. Alikikalia robo ya kwanza ya mechi. Robo ya pili Kibet, kocha wetu, aligeuka akakuta kiti kitupu na mwenye kiti yuko katikati ya uwanja anawapanga watu. Kiti kile sasa kinatumiwa na mama mkwe wake, anakisifia sana.

Sasa tufike huku ambako Wambui alinisihi nisifike.

Msimu huu ulipoanza, mashabiki wa Mbuni waligundua mchezo mpya, nao ni kumcheka Telesphor. Njenga, ambaye wote mnamfahamu kwa sababu husikika kabla hajaonekana, alitengeneza stika za WhatsApp: Telesphor na mkongojo, Telesphor juu ya machela, Telesphor akipewa uji kwa kijiko. Akigusa mpira watu walimpigia makofi yale ya kumpigia mtoto anayejifunza kusimama. Kinyozini kwa Linus, pale barabara kuu, mada ikawa hiyo kila wiki: mzee kaisha, mzee atufie uwanjani kwa lipi, mzee anawazibia vijana. Kibet naye ana masikio. Akaanza kumweka benchi, halafu mwisho wa benchi, halafu akampa kazi ya kubeba chupa za maji. Telesphor alizibeba na kucheka pamoja na waliomcheka.

Nyumbani hakucheka. Mkewe, Restuta, aliniambia kwamba kwa miaka yote ya ndoa yao Ijumaa jioni ilikuwa siku ya mume wake kuosha viatu vya mpira kwenye sinki la jikoni, wakagombana, akafuta matope, yakaisha. Mwezi wa tano akaona Ijumaa inapita na sinki kavu. Restuta alilichukia lile tope miaka yote, lakini siku hiyo alitamani kulia.

Ndipo Ziyad alipopiga simu. Ziyad ni kocha wa Nyigu, Mzanzibari mpole anayekaa Ilford na kuendesha timu ya vijana ambao wote wanakimbilia mpira kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mchele. Alikuwa anatafuta mtu mzima wa kusimama katikati yao na kuwaambia wewe kaa hapa, wewe nenda kule. Hakuuliza umri. Telesphor alikwenda kwa kamati kama muungwana, akasema anaacha kuichezea Mbuni. Hakusema anakwenda wapi kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kamati ikasikia neno "anaacha", ikafurahi, ikaagiza keki ya tatu.

Halafu Njenga akaiona picha. Telesphor katika jezi ya njano na nyeusi, nje ya stesheni ya Ilford, anatabasamu meno yote. Jamani, siku hiyo simu zetu nusura ziungue. Msaliti. Hana shukrani. Kauza siri zetu, kana kwamba tulikuwa na siri zaidi ya kufungwa. Na nyie nyie mliosema mzee kaisha, mkasema Ilford wametuibia. Naomba mtu anisaidie: mtu aliyekwisha anaibiwaje? Kinyozini mabishano yalikwenda hadi wateja wakaondoka na nusu nywele. Mmoja alidai hafiki robo ya pili, mwenzake akadai atatufunga, na walikuwa wanakubaliana. Njenga akatoa wazo kwamba Jumamosi ijayo kila shabiki aje uwanjani na mkongojo wa kumpungia. Likaungwa mkono kwa mikono yote. Wambui akapendekeza sherehe ifutwe na keki iliwe hivyo hivyo. Kibet akasema sherehe iwepo, ila asizungumze mtu, tule tuondoke. Hadi Jumatano hatukujua kama leo tungekuwa hapa.

Jumatano hiyo nilikutana na Telesphor kwenye basi, sote tumetoka zamu. Nikamwanza kama kawaida, nikamuuliza kama kule Ilford wanampa jezi na blanketi. Akacheka. Kisha akaniambia maneno ambayo sijamsikia akiyasema kwa mtu mwingine:

"Blandina, mara mbili mliniaga mnacheka, na mimi nikacheka kwa sababu nilijua narudi. Safari hii naondoka kweli. Naomba mniage."

Hilo tu. Hakuomba zawadi, hakumlaumu Njenga wala Kibet. Nikashuka kituo kisicho changu, nikampigia Wambui, nikamwambia sherehe ipo na wasifu nitaandika mimi. Wambui alifurahi kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa amekubali.

Basi, mashabiki wenzangu, na niwaambie. Mnadhani utani ni kucheka. Miaka sita iliyopita mama yake Telesphor alifariki Rombo, na yeye alikosa nafasi ya kusafiri. Msiba ukawekwa nyumbani kwake hapa. Nilifika wa kwanza. Watu walikuwa wamejaa sebuleni wanalia. Nikaingia chumbani, nikavaa jezi yake, nikatoka nikaanza kuigiza anavyokosa goli, napiga, nakosa, nashangilia, mbele ya picha ya marehemu. Wakenya walidhani nimerukwa na akili. Telesphor alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa chini ndipo akaweza kulia vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Nikaenda jikoni nikaosha masufuria ya siku tatu. Anayemcheka mtu ndiye huyo huyo anayemwoshea vyombo siku ya msiba, na kama hujawahi kushika sufuria yake, umepata wapi kibali cha kumcheka?

Njenga, ndugu yangu, hujawahi kuosha hata kijiko katika nyumba ile. Wewe na kundi lako mlichukua haki yetu mkaiacha kazi yetu. Mtu mzima alikuwa akicheza mpira anaoupenda, vibaya, kama alivyoucheza tangu mwanzo, nanyi mkamcheka mpaka akaacha kuosha viatu. Kisha mnashangaa kaenda Ilford. Mimi nashangaa alichelewa nini. Imeniuma, na nimeandika ili iwaume na nyie kidogo kabla ya keki.

Kwa niaba ya wale ambao aliwafundisha wapi pa kusimama, tunamshukuru Telesphor. Tunamshukuru kwa ngumi ile iliyoleta kombe, kwa kuwarudisha vijana nyumbani kwa gari lake mvua ikinyesha, kwa kubeba chupa za maji bila kumwagia mtu kichwani ingawa kuna waliostahili. Tunamshukuru Restuta kwa sinki. Ameniambia kwamba Ijumaa ya wiki iliyopita lilijaa matope tena, wakagombana hadi saa nne, na kwamba hajafurahi hivyo tangu mwaka uanze.

Kuhusu Jumamosi ijayo. Wenye mikongojo njooni nayo, uwanja ni wa umma. Lakini mtampungia bila mwenyekiti, kwa sababu Telesphor hawezi kupelekwa kwenye watu wageni, Ilford, hana hata mtu mmoja mwenye haki ya kumtukana. Wale vijana wa Ziyad wana adabu mno, watamwita mzee na kumpigia makofi, atadhani anajua kucheza. Haiwezekani. Jezi ya njano na nyeusi nimeshanunua, inanibana kifuani, na nitakaa upande wao mstari wa mbele.

Nenda salama, Telesphor, ukacheze mpaka miguu yenyewe ikatae. Tumekuaga. Ukikosa goli, usihangaike kutafuta nani kacheka, ni mimi.

Blandina Mbwambo
Mwenyekiti mstaafu wa mashabiki, Mbuni wa Thornton Heath