Mzee Onen Aliyepanda Migomba Vitani

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja, Mzee Onen anaiaga meza yake ya uhariri hapa kwenye kiwanda chetu cha vitabu, Mengo, na kurudi kwao Gulu. Mimi, Darlène wa meza ya prufu, ninayesahihisha kurasa kabla hazijachapwa, nimeombwa nimsifu katika programu ya sherehe. Haya, nitajaribu.

Alianza na vitabu vya shule za msingi, akavihariri vizuri. Kisha ikaja kazi iliyompa jina: kumbukumbu za vita za Jenerali, yule wa nchi jirani ambaye siku hizi ni mkuu wa nchi na sura yake ipo hadi kwenye vitenge. Lo, hiyo nayo ni kazi ya kujivunia!

Katika toleo la kwanza, Jenerali alivuka mto na wapiganaji wake, mmoja wao baba yangu, Guerschom, aliyembeba mgongoni kwa sababu shujaa wetu hakujua kuogelea. Katika toleo la pili alikuwa amejifunza. Kila alipogombana na mwenzake wa zamani, amri ilikuja Mengo, na Mzee Onen akamtoa mtu huyo vitani. Kwenye picha ya ukingoni mwa mto, palipokuwa na mtu akapanda mgomba. Leo Jenerali amesimama peke yake katikati ya shamba la matoke, ameshinda vita. Kweli ndizi hizo zilipigana!

Baba, naye alipogombana na Jenerali, alikimbilia Kampala, sasa anauza mitumba Kawempe. Siku moja aliwafungulia wajukuu ukurasa ule, wamwone babu yao akiwa kijana. Akakuta mgomba. Alifunga kitabu akaenda kulala mchana kweupe. Nilimjia juu Mzee Onen, nikamwambia hana haya. Alinijibu kwa upole, huku akimalizia chapati yake, kwamba yeye ni mkasi tu. Nilimchukia mwaka mzima, ingawa chapati alinigawia kila asubuhi, nami nilikula.

Malipo ya mkasi yalikuwa mstari mmoja: jina lake kwenye ukurasa wa shukrani. Ameshawatangazia ndugu zake wote Gulu kwamba anakwenda na toleo jipya, wakae kitako wasomewe. Jumatatu amri ikafika, na kwa kuwa nimerithishwa kiti chake, ikanifikia mimi: jina la Onen litoke, Jenerali hakusaidiwa na mtu. Asante ya punda ni mateke! Nilicheka sana. Kisha nikamwona akifuta meza yake kwa leso, akipiga mluzi, hajui lolote. Nikamhurumia, na hilo liliniudhi zaidi.

Jina lake sikulitoa. Na kwa kuwa mkasi sasa ni wangu, nimeung'oa pia mgomba wa tatu kutoka kushoto. Baba amerudi ukingoni pichani, na kwenye maandishi Jenerali amerudi mgongoni mwake. Vitabu vimeshachapwa na lori limeondoka leo asubuhi.

Kwa hiyo, wenzangu, Ijumaa keki ikatwe kwa ajili ya watu wawili, maana nadhani tunaagwa pamoja. Mzee Onen, asante kwa chapati. Fika salama, uwasomee watu wako ukurasa wa shukrani polepole, na uzeeke vizuri kati yao.